Kemia ya kaboni: nani anamsaidia mtoto wa Pangi kule Kindu?

Mama wa Pangi anayepika sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kali, anafanya kemia ya kaboni. Lakini mtoto wake akifika chuo kikuu Kindu na kuchagua udaktari, somo hilohilo linaweza kumwangusha. Ukumbi umejaa, profesa anachora molekuli ubaoni, nafasi ya kuuliza hakuna. Anarudi nyumbani na silabusi, anakariri.

Wandugu, kemia hii haikaririwi. Inaingia kichwani kwa kuchora, kukosea na kusahihishwa, na profesa moja hawezi kusahihisha madaftari ya watu mamia. Kazi hiyo njo ya asistanti.

LMD, iliyoingia vyuoni mwetu mwaka wa masomo 2021-2022, inahesabu pia saa za mwanafunzi kujisomea. Vizuri. Sasa anajisomea na nani?

Ku New York, chuo cha City College kilipata jibu miaka ya 1990: mwanafunzi aliyefaulu kemia anaongoza wenzake sita mpaka nane kila juma. Hawapi majibu, wanayatafuta pamoja. Chuo cha Rochester kikafanya vile kwa kemia ya kaboni. Haiombi maabara: chumba, ubao, chaki, molekuli unaziunda kwa vijiti na udongo. Inaomba tu makuta kidogo ya kiongozi, na hapo njo tunakwama, maana asiyelipwa ataacha mwezi wa pili.

Wazazi wanaolipa minervali waulize: asistanti wa kemia ni wangapi, kwa wanafunzi wangapi?