Kudai Kilicho Chako Si Kukosa Upendo



Likizo iliyopita nilimkuta mama akihesabu fedha za kikoba mezani. Alihesabu mara mbili, zikawa hazitoshi ada ya mdogo wangu. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Ile milioni nane ingekuwepo, tusingefika hapa."

Ndipo nilipojua habari hii. Miaka minne iliyopita mama alimkopesha mwanajumuiya mwenzake shilingi milioni 8, akiba yake ya miaka mingi ya kuuza vitenge, ili mwenzake akamilishe safari ya kwenda kufanya kazi Uingereza. Waliandikiana karatasi, wakasaini, wakakubaliana mwaka mmoja. Mwanzoni simu zilipokelewa. Baadaye zikaja meseji za "nivumilie, dada yangu." Sasa hata meseji hazijibiwi, ingawa nyumba ya mdaiwa, pale karibu na kigango chetu, inazidi kupanda.

Nilimwuliza mama kwa nini hajaenda mahakamani. Akajibu kwa sauti ya chini, "Watu watasemaje? Mama wa frateri anamshtaki Mkristo mwenzake?"

Jibu hilo limenikaa moyoni. Mama amenyamaza kwa ajili yangu, kana kwamba wito wangu ungechafuka kwa yeye kudai jasho lake. Na alipojaribu kuligusia jambo hili katika jumuiya, aliambiwa asamehe, kwa kuwa hata sisi tunaomba kusamehewa kila siku. Hakuna aliyependekeza mdaiwa apigiwe simu.

Ninaandika kwa sababu naamini tumeligeuza fundisho. Kudai deni kwa njia ya haki, hata kwa kufika mbele ya hakimu, si dhambi dhidi ya upendo. Dhambi ni kuwa na uwezo wa kulipa na kukataa.

Tunaosoma falsafa tunalikuta swali hili mapema. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, mzee Cephalus anaeleweka kusema kwamba haki ni kusema kweli na kurudisha ulichochukua. Socrates anamwuliza: je, rafiki aliyekukabidhi silaha akarukwa na akili, utamrudishia? Funzo ninalolipata ni kwamba deni linabaki deni, ila namna na wakati wa kulirudisha vinahitaji busara. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anaweka kurudisha cha mtu katika fadhila ya haki, na anafundisha kuwa ni jambo la lazima kwa wokovu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2411, inataja kulipa madeni kati ya mambo ambayo haki inatudai bila kulegeza. Wazee wetu walifupisha yote: dawa ya deni ni kulipa.

Msamaha basi tuuweke mahali pake. Kumsamehe mtu kosa ni kuondoa kinyongo, na hilo Kristo anatudai sote. Kumfutia deni ni zawadi, na mwenye haki ya kuitoa ni mkopeshaji peke yake. Jumuiya haiwezi kuitoa kwa niaba yake, na mdaiwa hawezi kujipa. Mama anaweza kumwombea yule dada kila usiku na bado akamdai.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Mtakatifu Paulo, aliyewakemea Wakorintho kwa kushtakiana. Ni haki waulize. Lakini tusome sura ile ya 6 hadi mwisho. Paulo anawakemea pia wanaowadhulumu ndugu zao, na anashangaa kama kati yao hakuna hata mmoja mwenye hekima ya kuamua. Kemeo hilo linaigusa jumuiya iliyokaa kimya. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1446, inatutaka tujitahidi kuepuka kesi na kumaliza magomvi kwa amani. Ila amani hiyo inatafutwa kwa kazi: mwendee ndugu yako peke yako, kisha na wawili au watatu, kisha liambie Kanisa, kama Injili ya Mathayo sura ya 18 inavyoelekeza. Hatua hizo zikishindikana, mahakama ni chombo halali cha kulinda haki.

Na chombo hicho kiko karibu kuliko tunavyodhani. Kwanza, peleka barua ya madai inayotaja kiasi, tarehe ya mkopo na siku za mwisho za kulipa. Asipoitikia, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza dai la deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili, na si lazima uwe na wakili. Asiye na uwezo anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Karatasi iliyosainiwa ni ushahidi mzuri, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu hata meseji na kumbukumbu za simu kupokelewa kama ushahidi.

Ila uvumilivu una kalenda. Kwa kawaida dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu siku ya kulipa ilipopita. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla muda huo haujaisha, hesabu huanza upya. Mama amebakiwa na miaka 3. Kila "nivumilie" isiyo na maandishi inaila miaka hiyo.

Je, mdaiwa akiwa ng'ambo? Swali la kwanza ni kama ameacha mali hapa. Kuvuka mpaka hakuondoi kiwanja chake Tanzania, na hukumu ya hapa inaweza kutekelezwa juu ya mali iliyopo hapa. Asipopatikana kupewa wito mkononi, sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inaruhusu mahakama kuagiza njia nyingine, hata tangazo gazetini. Na mtu akionekana anajiandaa kuondoka nchini ili kukwepa dai lililokwisha kufunguliwa, mahakama inaweza kumtaka atoe dhamana kwanza.

Kama hana mali hapa, njia inakuwa ndefu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1920 inayoruhusu hukumu za mahakama za juu za Tanzania kusajiliwa kule, maombi yakipelekwa ndani ya miezi 12. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo haimo. Tena, kama mdaiwa hakuwa mkazi wala mfanyabiashara hapa, na hakukubali kufika katika shauri, usajili unaweza kukataliwa. Mara nyingi itafaa zaidi kumdai anakoishi: England na Wales zina utaratibu mwepesi kwa madai yasiyozidi pauni 10,000. Aliye Kenya anaweza kudaiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na kutakiwa kuyamaliza kwa siku 60. Kabla ya kuanza, pima gharama. Busara inaruhusu kuacha kesi itakayokula zaidi ya deni lenyewe.

Haki hii ina mipaka, na mkopeshaji Mkristo aipende. Polisi si wakusanya madeni. Kumtisha mdaiwa kwa rumande ni dhuluma nyingine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Sheria yetu pia hairuhusu kukamata nguo, vitanda, vyombo vya kupikia, zana za fundi au nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ilikwisha kukataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa huko ni kuchukua uhai wa mtu. Ikiwa mdaiwa wako kweli hana kitu, mpangie malipo kidogo kidogo, au umpe ile zawadi ya kumfutia.

Yule dada wa Uingereza simhukumu. Huenda kazi aliyoahidiwa hakuikuta. Aseme basi, tupange. Lakini nyumba inayopanda inanifanya niulize.

Nina maombi mawili. Kwa wanajumuiya: tunapokopeshana, tuandikiane mbele ya mashahidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mwenzetu akileta kilio cha deni, tumpigie mdaiwa kabla ya kumhubiria mdai. Kwa wenzangu mafrateri: kesho tutaketi katika kitubio, na mtu atatuambia ana deni asilotaka kulipa. Tusimpe faraja rahisi kwa gharama ya mjane au mama muuza vitenge.

Nimemwandikia mama barua ya madai, yeye ameisaini, na mwenyekiti wa jumuiya amekubali kumpelekea ndugu wa mdaiwa nakala moja. Tumempa siku 30. Zikipita kimya, mama atakwenda Mahakama ya Mwanzo, na mimi nitaomba ruhusa ya kumsindikiza.