Aliyeua Kuku Ni Nani?

Mgeni apitaye hapa Nakasero huona maofisi, mahoteli na majumba ya wakubwa, wala hadhani kwamba kuna kuku. Lakini nyuma ya majumba hayo, katika vyumba vya watumishi, wapo. Mpishi ana wanane, mlinzi ana watano, na mama mjane aoshaye nguo za watu ana kumi na watano, nao ndio karo ya mtoto wake. Kuku hao wakiisha kwa siku tatu, kilichopotea si mchuzi, ni muhula mzima wa shule.

Basi kuku wafapo kwa ghafula, neno la kwanza kutoka vinywani mwa watu ni "sumu", na la pili ni jina la jirani. Nawajua majirani wawili, waliokuwa wakikopeshana chumvi, ambao siku hizi hawaamkiani kwa ajili ya majogoo wawili waliokutwa asubuhi wamelala miguu juu. Hakuna aliyempasua hata jogoo mmoja kutazama ndani. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajapeleka mzoga kwa daktari wa mifugo hana haki ya kumtaja mtu yeyote.

Sikatai kwamba sumu ipo. Kuku hudonoa kila kitu, hata dawa ya wadudu iliyomwagika. Lakini sumu kali haina subira. Huwaangusha walioila pamoja, karibu kwa wakati mmoja, na mara nyingi gole, yaani ule mfuko wa chakula ulioko kooni, huwa bado limejaa. Siafu nao huvamia banda usiku, na kicheche huuma shingo, lakini hao huacha alama. Bali kuku wakifa mmoja leo, wawili kesho, sita keshokutwa, yafaa tumwache jirani na tufikiri juu ya ugonjwa.

Wa kwanza kushukiwa ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Madaktari huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926; mwaka uo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Kuku huzubaa, hutweta, huharisha kijani, na wengine hupinda shingo. Ukiwa mkali waweza kumaliza karibu banda zima, na wengine hufa kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Lakini kipindupindu cha kuku nacho huua ghafula, hata kuku mnono aliyekuwa akitaga vizuri. Huu ndio ugonjwa ambao Louis Pasteur wa Ufaransa aliuchunguza karibu na mwaka 1880, akaona kwamba vijidudu vikidhoofishwa vyaweza kuwa chanjo.

Tofauti ya magonjwa haya mawili si ya vitabuni tu. Kipindupindu huletwa na bakteria, na dawa yaweza kusaidia. Kideri huletwa na virusi, na hakuna dawa ya dukani iwezayo kukitibu. Anayekimbilia dukani kununua unga wa kuchanganya na maji, bila kujua anatibu nini, fedha yake imekwenda na maji hayo.

Daktari akimpasua kuku wa kideri, mara nyingi hukuta madoa ya damu katika tumbo dogo lililo kabla ya firigisi. Kipindupindu chaweza kuacha vidoa vyeupe kwenye ini. Hata hivyo macho hayatoshi, maabara ndiyo ikatayo shauri. Nasi twakaa jirani na maabara! Chuo cha madaktari wa mifugo kipo Makerere, kilima kile tukionacho ng'ambo ya Wandegeya, na serikali ina kituo chake cha kuchunguza magonjwa ya wanyama huko Entebbe. Mzoga uwe mbichi, si wa juzi. Utiwe katika mifuko miwili ya plastiki, uwekewe barafu pembeni lakini usigandishwe. Apelekaye aandike kuku wangapi wamekufa, wa umri gani, walikula nini, na kama kuna kuku mgeni aliyeingia karibuni. Swali hili la mwisho watu hulisahau, nalo mara nyingi ndilo lenye jibu.

Mwezi wa Januari 1917 ungekuwa wa hadithi tu, lakini mwezi wa Januari 2017 wengi wetu twaukumbuka. Ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Viktoria, huko Lutembe karibu na Entebbe, na kuku na bata wakafa upande wa Masaka. Vipimo vilionyesha homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8, na mwezi uo huo Kenya ikazuia kuku wa Uganda. Aina nyingine za homa hiyo huwapata wanadamu. Kwa hiyo anayemchinja upesi kuku anayesinzia ili "asiharibike" hajui anachokipika.

Lakini linaloniudhi zaidi ni lile la kuuza. Mtu akiona wawili wamekufa, huwafunga miguu waliobaki na kuwapeleka sokoni kabla ya adhuhuri. Kideri chaweza kujificha siku 2 hadi 15. Mnunuzi huchukua kuku mzima machoni, akampeleka kijijini kwa sikukuu, na banda la shangazi yake likaisha. Kama twamtafuta mtia sumu, huyu muuzaji yu karibu naye sana.

Mtasema, mama mjane afanye nini, naye hana hata nauli? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana nasema gharama iwe ya uani pote, maana kuku wote huchakura jaa moja, na mzoga mmoja huwajibia wengi. Na chanjo ipo. Ile iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia na kutumiwa sana Tanzania, huvumilia joto kuliko nyingine, nayo hutiwa tone moja jichoni kila miezi 3 au 4. Shida ni kwamba chupa za chanjo huwa na dozi za kuku mia au zaidi, na ikifunguliwa haikai. Mwenye kuku wanane hana budi kubisha mlango wa jirani, hata yule wa majogoo wawili.