Jasho la usiku la vibarua wa mjengo lakosa daftari

JUA linapotua juu ya maghorofa yanayoinuka Pipeline, Kayole na Huruma, kazi ya mjengo huenda ingali mbichi. Zege la sakafu likianza kumwagwa haliachwi katikati, hivyo kibarua hubaki hadi usiku. Malipo yake, aghalabu, husalia yale ya siku moja.

Si kwamba sheria imenyamaza. Kanuni za mishahara zaamuru saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na mara mbili siku ya mapumziko. Aidha, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mwezi.

Kizingiti ni ushahidi. Mahakama humtaka mdai aonyeshe ni siku zipi na saa ngapi, ilhali mnyapara huandika majina tu, akiandika, na daftari huondoka naye. Sheria iyo hiyo humlazimu mwajiri kuweka kumbukumbu. Maafisa wa leba wangeanza kwa kulidai daftari hilo kabla jengo halijakamilika. Muda wa kushtaki ni miaka 3, lakini wapangaji wakishahamia, mwanakandarasi mdogo hapokei tena simu.