KWANZA DARI, BAADAYE VIPAZA SAUTI



Kuna ubishi katika matawi juu ya ukumbi wetu wa mtaa. Wengine wanasema kazi ya chama ni mishahara na saa za kazi, na mambo ya kwaya, ngoma na michezo ya kuigiza waachiwe wenyewe. Wengine wanasema fedha zote zinazochangwa zinunue vipaza sauti vikubwa, maana watu walioketi nyuma hawasikii. Sisi hatukubaliani na upande wo wote katika hizi mbili, na sababu zetu ni hizi.

Ukumbi wa mtaa si jambo dogo kwa mfanya kazi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, ndugu Makhan Singh, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi la wakati ule, alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Haukupita mwezi akakamatwa pamoja na ndugu Fred Kubai, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Neno lile lilitoka katika ukumbi wa mtaa, si katika jumba la matajiri.

Hata leo ni katika kumbi hizi tunapigia kura, na ni humu vijana wetu wanaimba na kuigiza. Mwanachama asiyesikia hoja, akainua mkono kwa kuwa jirani yake ameinua, hakupiga kura. Na mtu aliyelipa kiingilio akaenda nyumbani bila kuelewa mchezo hatarudi tena. Asiporudi, ukumbi unakosa mapato, na vijana wanakosa mahali.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Kumbi zetu nyingi ni kuta za mawe na lipu, sakafu ya simiti, madirisha ya vioo na mabati juu. Vitu vigumu namna hii havinyonyi sauti, bali huirudisha karibu yote. Neno la kwanza linaendelea kuzunguka ukumbini huku la pili na la tatu limekwisha kutoka kinywani, na yote yanachanganyika. Ukileta kipaza sauti katika ukumbi kama huo, unauongezea mvumo nguvu. Kelele inakuwa kubwa zaidi, lakini maneno hayaeleweki. Ndiyo maana tunasema vipaza sauti vingoje.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya ambao sauti ilikawia ndani yake zaidi ya sekunde 5, hata mwalimu hakueleweka. Mwalimu mmoja, Wallace Sabine, alichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine akaipanga humo usiku, akapima, akaongeza mingine, akapima tena. Akagundua kanuni inayotumika mpaka leo: ukiongeza mara mbili vitu vinavyonyonya sauti, muda wa mvumo hupungua nusu. Dawa ilianza na mito ya viti, ndugu zetu, wala si mashine ya thamani kubwa.

Basi sisi tunashauri kazi ifanywe kwa utaratibu huu:

1. Kupima kwanza. Mtu apige kofi moja katika ukumbi mtupu, wengine wasikilize kwa saa mkononi. Sauti ikikawia sekunde mbili au zaidi, maneno hayataeleweka vizuri. Kwa hotuba na maigizo inatakiwa karibu sekunde moja. Baadaye fundi apime kwa vyombo vyake.

2. Dari. Liwekwe dari la mbao laini zinazonyonya sauti, na juu yake pamba ya madini isiyoshika moto. Itapunguza mvumo, na pia itapunguza kelele ya mvua juu ya mabati, ambayo huvunja mkutano wo wote.

3. Ukuta wa nyuma na mapazia. Pazia liwe zito, lenye mikunjo, liachane na ukuta kidogo; hivyo hunyonya zaidi kuliko likibanwa ukutani. Kwaya hupenda mvumo kidogo, mwigizaji haupendi. Kwa hiyo mapazia yawe ya kufungua na kufunga, kila mtu apate haki yake.

4. Milango ifungwe vizuri, kelele ya barabara ibaki nje.

Tunaonya juu ya ushauri wa bure: trei za mayai hazisaidii sana, na magodoro ya sponji ukutani huwaka moto upesi. Hatutaki kuokoa shilingi tukazika watu.

Fedha zitatoka wapi? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziwekea serikali za kaunti kazi za utamaduni na burudani za umma. Sheria inataka makadirio ya kaunti yafikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wasikilizwe. Wanaokwenda katika mikutano hiyo ni wachache, nasi tunabaki kulalamika mwezi wa Julai wakati fedha zimekwisha gawanywa. Kila tawi lipeleke watu, na karatasi yenye bei ya dari mkononi.

Lakini tusiende mikono mitupu. Wanachama 400 wakitoa shilingi 50 kwa mwezi, katika miezi 10 zitakuwa shilingi 200,000. Hazitamaliza kazi yote, lakini zitaanza ukuta wa nyuma, na zitatupa haki ya kuuliza habari ya zilizobaki. Hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi, yenye sahihi tatu. Kampuni ikitaka kusaidia, na isaidie. Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa 1952, ulitengenezwa upya mwaka 2015 kwa fedha za kampuni ya bia. Ila masharti yaandikwe kabla ya fedha kupokelewa, na sharti la kwanza liwe kwamba ukumbi hautafungwa kwa wafanya kazi siku ya mkutano wao.

Mwenye kupinga maneno haya na aje katika mkutano wa tawi aseme. Akija, aketi safu ya nyuma kabisa, kisha atuambie amesikia nini.

Umoja ni nguvu.