Uso wa mtu si mali ya mpita njia

Siku hizi kamera imo mfukoni mwa karibu kila kijana. Nenda sokoni, nenda stendi ya mabasi, pita katika njia ya Manyovu kuelekea Mugina, hutakosa kumwona mmoja ameinua simu akimlenga mtu asiyemjua: mama mwenye beseni la dagaa kichwani, mzee aliyeegemea baiskeli, mtoto aliyesinzia juu ya gunia. Picha za namna hii, ambazo mwenyewe hakujipanga kwa ajili ya kamera, mara nyingi ndizo zenye uhai. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba mtu akishakuwa barabarani, basi uso wake ni wa kuokota.

Wapo watakaosema kwamba barabara ni ya wote, na kinachoonekana kwa macho hakiwezi kukatazwa kamera. Lakini jicho huona likasahau. Picha haisahau, nayo husafiri hadi mahali ambapo mwenye uso hatafika kamwe.

Tukumbuke kisa cha Sharbat Gula. Mwaka 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimkuta msichana huyo wa Afghanistan ndani ya hema lililokuwa shule, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh nchini Pakistan. Juni 1985 uso wake ulitoka katika jalada la jarida la National Geographic, ukajulikana dunia nzima. Jina lake halikujulikana mpaka mwaka 2002, alipotafutwa na kupatikana, na hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kuiona picha yake mwenyewe. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa tuhuma za kuwa na kitambulisho cha kughushi, akarudishwa kwao. Mwaka uliofuata aliiambia BBC kwamba picha ile ilimletea matatizo kuliko faida.

Kisa hicho kinanigusa, kwa sababu mimi nami nilisomea uhamishoni, katika kambi za Kasulu. Wageni wenye kamera walikuja darasani, tukaambiwa tukae vizuri. Hatukuulizwa kama tunataka, na picha zenyewe hatukuziona. Kwa upande wa usajili, mkimbizi hupigwa picha kwa sababu bila hiyo hana karatasi. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka huzoea kutulia mbele ya kamera kama anavyotulia kwenye foleni. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye simu, ukimwona mama wa sokoni amenyamaza, usidhani amekubali. Huenda hajawahi kuambiwa kwamba anaweza kukataa.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana sababu zao. Mtu amebeba madumu mawili ya mawese aliyoyalipia ushuru. Picha yake ikisambazwa na maneno "magendo yashamiri mpakani", atamweleza nani? Mwingine alirejea nyumbani miaka mingi iliyopita, ana shamba na kibanda cha biashara, lakini chini ya picha anaandikwa "mkimbizi". Mara nyingi madhara hayatokani na picha yenyewe, yanatokana na maneno yanayowekwa chini yake na mtu ambaye hakuuliza chochote.

Je, tuache kupiga picha? Hapana. Anayeomba ruhusa kabla hupata uso uliokaza kama wa pasipoti, hilo nalifahamu. Basi piga, kisha usikimbie. Msogelee papo hapo, msalimie kama unavyomsalimia mama yako, mwonyeshe picha, mweleze unaipeleka wapi. Akisema futa, futa mbele ya macho yake, bila kubishana. Akikubali, muulize jina na kazi yake, na kama hataki viandikwe, usiviandike. Ukimahidi nakala, isafishe umpelekee. Usidhani kwamba kununua fungu la nyanya ni kununua kibali. Msubiri amalize na mteja wake. Mtoto usimpige bila mzazi au mlezi kujua. Mtu anayelia, mgonjwa, mlevi, aliyeanguka na mzigo, mwache. Msaidie kwanza kubeba.

Nchi jirani zimekwisha kuanza kulitazama suala hili kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Lakini muuza ndizi hatakwenda mahakamani kwa ajili ya picha. Kinga yake iliyo karibu ni adabu ya anayempiga.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu na wazazi tuwafundishe vijana jambo hili kama tunavyowafundisha kubisha hodi. Nanyi akina mama na akina baba wa sokoni na mpakani, mliopigwa picha mara nyingi bila kuulizwa, jueni kwamba hapa si kwenye foleni ya usajili. Simu ikiinuliwa na moyo wako hautaki, sema kwa upole: "Mwanangu, hiyo futa." Huhitaji kutoa sababu.