Tusichague Gari kwa Jina Lake

Wanafunzi wenzangu hupenda sana kubishana juu ya motokaa, na jina la Mustang halikosekani katika mabishano hayo. Kila mara swali ni moja: "Ipi ina nguvu zaidi?" Kwa maoni yangu yafaa tuulize kwanza, "Imeundwa kwa njia ya namna gani?"

Mustang ilianza kuuzwa Marekani tarehe 17 Aprili, 1964. Mnunuzi alijichagulia injini ya silinda 6 au 8, na paa la bati au la turubai linalokunjwa. Baadaye mwaka ule ikaongezwa aina ya tatu, yenye paa linaloteremka hadi nyuma. Lakini vyuma vingi vya aina zote hizo vilitokana na Ford Falcon, gari la bei nafuu la watu wa kawaida.

Katika ukoo huo wa Falcon ilitoka pia Mercury Comet. Majuma machache kabla Mustang haijatoka, Comet kadhaa za silinda 8 ziliingia katika mashindano ya East African Safari, yaliyofanywa wakati wa Pasaka katika njia za vumbi na matope. Zilizofika mwisho ni mbili tu, nazo zilikuwa nyuma sana. Mshindi alikuwa Peter Hughes, katika Ford Cortina GT yenye silinda 4. Comet na Cortina zote ni za kampuni ya Ford! Tena mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa Peugeot 404, nayo ya silinda 4.

Sisemi kwamba gari la mbio halifai kamwe. Datsun 240Z ya silinda 6 ilishinda Safari mwaka 1971, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Nguvu ni kitu chema zikipata mwili wa kuhimili njia.

Kwetu Somanda jambo hili si la mchezo. Udongo mweusi wa mbuga ukinywa mvua hung'ang'ania magurudumu, na fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka. Mzazi akiitumia kwa kuvutiwa na sura ya gari, huenda likalala uani masika yote likingoja spea, na madaftari ya watoto yakangoja pia. Basi kabla ya kulipa na aulize: Tumbo la gari limeinuka kiasi gani? Spea zake zapatikana Bariadi? Mafundi wetu wamelizoea?

Nasi tunaosoma fizikia hapana budi tuwasaidie wazazi kuyapima hayo. Elimu isiyomfaa mzazi siku ya kununua gari itamfaa lini?