Kabla ya kusema "mnaiga", msikilizeni Fela

Kuna neno linawavunja moyo vijana wa muziki hapa kambini: "mnaiga." Wazee wetu wanalisema wazi. Mashirika nayo yanalisema, ila kwa adabu zaidi. Fomu ya mwisho ya mashindano ya vipaji niliyosaidia kugawa ilitaka "muziki wa asili ya kwenu" tu, basi. Kijana mwenye biti ya rap hakupata hata nafasi ya kupanda jukwaani. Mimi ni mtu wa kujitolea, fomu siziandiki. Lakini maoni ninayo, na nitamtumia Fela Kuti kuyaeleza, maana sijaona mtu anayebisha kwamba Fela ni Afrika kabisa.

Sasa angalieni alikopitia. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa Lagos na bendi yake ya Koola Lobitos, wanapiga highlife iliyochanganywa na jazz. Muziki alishausomea London, tarumbeta anaijua. Kisha akaja jamaa wa Sierra Leone, Geraldo Pino, na bendi yake ya Heartbeats, wanapiga soul ya James Brown. Mji ukampenda Pino. Fela mwenyewe alisimulia baadaye jinsi jambo lile lilivyomtikisa. Yaani mambo ya Mmarekani yalimfikia Mnigeria kupitia Msierra Leone! Hivyo ndivyo muziki unavyosafiri, hauna kadi ya ukimbizi wala pasipoti.

Na huyo James Brown alikuwa amefanya nini hasa? Zamani kwenye soul mdundo ulikuwa unambeba mwimbaji. Yeye akageuza. Tangu "Papa's Got a Brand New Bag" ya 1965, na zaidi "Cold Sweat" ya 1967, kila chombo kikawa ngoma. Gitaa linakwaruza kidogo kidogo, besi inajibu, tarumbeta zinapiga vipande vifupi kama mtu anayegonga mlango kwa hasira, halafu wote wanakutana kwa nguvu kwenye pigo la kwanza. Wimbo unakaa palepale, hauhamihami. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za kwetu hashangai sana akisikia hivyo: kila mpigaji ana kipande chake kidogo, anakirudia, vikikaa pamoja watu wanasimama kucheza.

Mwaka 1969 Fela akaenda Marekani na bendi. Kule Los Angeles akakutana na dada mmoja mwanaharakati, Sandra Smith, aliyempa kitabu cha maisha ya Malcolm X. Brown naye mwaka mmoja kabla alishatoa wimbo wa kuwaambia watu weusi wajivunie weusi wao. Fela akarudi Lagos na mdundo, na sasa ana la kusema.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho wanaosema "kuiga" hawakitazami. Mpiga dramu wake, Tony Allen, hakupiga kama wa Brown. Kila mkono na kila mguu ulikuwa na maongezi yake. Nyimbo zikarefuka, nyingine dakika kumi na tano na zaidi, sauti ya Fela inaingia wakati wewe umeshatoa jasho. Akaimba Pijini ili mama wa sokoni aelewe bila mkalimani. Na wakati Brown aliwaambia watu wajivunie, Fela aliwachokoza wanajeshi waziwazi kwenye "Zombie". Mwaka 1977 wanajeshi wakaivamia nyumba yake na kuichoma. Kwa kukopi hauchomewi nyumba, jamani.

Tena kuna hii ninayoipenda zaidi. Mwaka 1970 James Brown alikwenda Nigeria, na watu wa bendi yake wakaenda kumsikiliza Fela. Bootsy Collins, kijana wa besi wakati huo, amesimulia jinsi walivyoduwaa. Tony Allen naye alisimulia kwamba mpangaji wa muziki wa Brown alimtazama mikono na miguu huku akiandika. Mwalimu amekuja kunakili daftari la mwanafunzi! (Miaka minne baadaye Brown alipanda jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha moja na Franco na Tabu Ley. Wazee wetu Wakongomani wana stori zao juu ya hilo, waulizeni.)

Basi ndugu zetu wa mashirika, mtoto aliyezaliwa hapa, baba Mbembe, mama Mrundi, majirani Wasomali, rap anaisikia kwenye simu ya kaka yake, huyo "asili" mnayoitaka ataichukua upande gani? Akipiga ngoma ya babu yake nitafurahi sana. Akipiga rap kwa Kibembe, nayo ni yake. Wazee wetu, nyinyi pia mlicheza Franco kwa gitaa la umeme, na hakuna aliyewafukuza jukwaani.

Fomu za mashindano yajayo bado hazijachapishwa. Naomba ule mstari uondolewe, kila kijana apewe dakika tano apige anachotaka. Spika zile mbili na jenereta nitazibeba mimi.